KAMABEKA SI KUTIKISA MABEGA TU

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Nami naongeza kwamba anayeicheza mila bila kuijua hana tofauti naye.

Mimi nimelelewa hapa Kitale. Wazazi wangu ni Wabukusu wa Bungoma, lakini nyumbani tunaongea Kiswahili. Kamabeka, ngoma yetu ya mabega, nilijifunzia shuleni tulipokuwa tukijiandaa kwa Tamasha la Muziki. Tulifanya mazoezi hadi mabega yakatuuma. Tukiambiwa "tabasamuni!" tunatabasamu, tukiambiwa "tokeni!" tunatoka. Alama tulizipata, tukashangilia sana.

Likizo ilipofika nikaenda Bungoma kwa Kukhu. Nikamwonyesha mbwembwe zangu zote pale uani. Alicheka, akapiga makofi, halafu akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, huo wimbo unasema nini?" Jamani! Niliduwaa. Kumbe nilikuwa naimba kama kasuku.

Ndipo Kukhu akanieleza. Mpiga litungu huwataja watu kwa majina, akawasifu waliotenda mema na kuwachoma kwa maneno walafi na wavivu. Na anayetikisa bega mbele yako anakusalimu. Ukikaa tu ukimtazama, kwa Kukhu umekataa salamu.

Chukua mfano wa tohara. Katika miaka shufwa, kama 2022 na 2024, mwezi wa Agosti, vijana wa Kibukusu huzunguka wakigonga chinyimba, zile kengele za mikononi. Mgeni atadhani ni kelele. La hasha! Ni mwaliko. Kijana anawatangazia jamaa zake kwamba yuko tayari. Kwa mjomba hukaripiwa na kuitwa mwoga, ili moyo wake upimwe. Je, hayo yote yatatosha kwenye dakika chache za jukwaani?

Wengine watasema, "Kwani tamasha lina ubaya gani? Bila hilo usingeijua kamabeka kabisa!" Ni kweli, sibishi. Hoja yangu ni kwamba tamasha linatupa miondoko, nasi tunaacha maana nje ya ukumbi. Mwaka 2014 UNESCO iliitia isukuti ya jirani zetu Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mwenzako akinyolewa, wewe tia chako maji.

Tena tutazame mbali. Kule Hawaii, ngoma ya hula ilikatazwa hadharani mwaka 1830. Mwaka 1883 Mfalme Kalākaua aliichezesha kwa fahari katika sherehe ya kutawazwa kwake. Iliwezekana kwa sababu wapo walioendelea kuyashika maneno yake; katika hula mkono hufuata neno. Sisi hatujakatazwa na mtu. Tunasahau wenyewe.

Kwa hivyo natoa wito kwa chama chetu. Kabla ya kupewa vazi la ngoma, kila mchezaji amwendee mzee mmoja, aandike maneno ya wimbo na maana yake kwa Kiswahili, nasi tuyachapishe katika jarida hili. Makumbusho ya Kitale yanaweza kutuhifadhia litungu, lakini maana ya wimbo imo vifuani mwa wazee, nao hawatungoji milele.

Mimi nimeshaanza. Kukhu haoni vizuri siku hizi, lakini anakumbuka, na daftari langu limefika ukurasa wa nne. Wewe je?