Ikulu Moja, Maadui Wawili



Mwaka 2013 Hollywood ilitoa filamu mbili ambazo mtu akisimuliwa kwa ufupi atadhani ni moja. Olympus Has Fallen, iliyoongozwa na Antoine Fuqua, ilitoka mwezi wa Machi. White House Down ya Roland Emmerich ikafuata mwezi wa Juni. Katika zote mbili magaidi wanaiteka Ikulu ya Marekani, Rais anaingia mashakani, na mlinzi mmoja aliyewekwa kando au kukataliwa kazi ndiye anayebaki ndani kuwakabili. Hata mtoto wa kuokolewa yumo katika kila moja. Zingali zikitazamwa majumbani mwetu, na vijana huuliza: tutazame ipi? Kabla ya kuwajibu, yafaa tuzipime.

Tofauti ya kwanza ni adui. Kwa Fuqua, adui anatoka nje: ni Kang, gaidi wa Korea Kaskazini aliyejipenyeza katika msafara wa waziri mkuu wa Korea Kusini, ijapokuwa yumo pia msaliti mmoja wa Kimarekani. Kwa Emmerich, kikulacho ki nguoni mwako. Kiongozi wa njama ni Martin Walker, mkuu wa walinzi wa Rais mwenyewe, baba mwenye uchungu wa mwanawe aliyeuawa kazini jeshini. Na nyuma yake yupo Spika wa Bunge anayeutamani urais. Kinachowaudhi ni mpango wa Rais wa kuyaondoa majeshi ya Marekani Mashariki ya Kati.

Filamu ya Emmerich iligharimu takriban maradufu ya mwenziwe, lakini ndani ya Marekani ikauza kidogo zaidi. Labda ni kwa sababu ilichelewa. Labda pia adui wa mbali humstarehesha mtazamaji kuliko adui wa nyumbani.

Jambo hili si dogo kwetu. Filamu inayompa adui sura ya taifa moja humfundisha kijana kuwashuku watu wa sura hiyo, bila ya kumtamkia neno. Mwaka 2016, katika London Has Fallen, mwendelezo wa ile ya Fuqua, zamu iliwaangukia wenye majina kama yetu: adui ni Aamir Barkawi, muuza silaha wa Kipakistani. Hadithi inaanza kwa arusi ya bintiye kupigwa kombora la droni. Kisha msiba huo hautazamwi tena ila kama kisa cha kisasi.

Tofauti ya pili ni umwagaji damu. Katika Olympus, shujaa Mike Banning anamuua mateka kwa kisu ili mwenziwe aseme, nasi tunatakiwa tumshangilie. White House Down ina risasi nyingi na mizaha mingi, lakini ukatili wake una mipaka. Humo binti mdogo, Emily, anawapiga picha wavamizi kwa simu yake, na mwishoni anapeperusha bendera uwanjani hadi ndege za kivita zinasita kuishambulia Ikulu. Ushujaa wake ni wa akili na moyo, si wa kisu.

Mwaka huo huo wa 2013, mwezi wa Septemba, Wakenya tuliyaona ya kweli pale Westgate, Nairobi. Hakukuwa na shujaa mmoja wa kuyamaliza kwa saa mbili. Yalichukua siku nne, na watu 67 waliuawa. Miongoni mwa raia walioingia kuwaokoa wenzao walikuwamo Waislamu. Hilo watoto wetu walijue kabla ya kuketi mbele ya runinga.

Kwa hiyo, Olympus iachiwe watu wazima. White House Down wanaweza kuitazama vijana waliopita miaka 13, mzazi akiwa nao. Ikimalizika, waulizeni: adui hapa ni nani, na kwa nini amechaguliwa yeye? Kijana awezaye kulijibu swali hilo hatalishwa chuki kwa urahisi.