Sigaa Nzuri Zinafia Kabatini

KUTOKA KIGANJO
Na Ndirangu wa Kiganjo

Sigaa nyingi ninazoziona zikiuzwa kwa bei ya juu Nyeri na Nanyuki hazistahili hata nusu ya bei hiyo, na waliozisokota hawana lawama. Zilitoka kiwandani zikiwa nzima. Zimefia hapa kwetu, ndani ya makabati ya kioo yenye taa, kando ya chupa za wiski, mahali ambapo hakuna mtu anayeuliza hewa ya mle ndani ina unyevu kiasi gani. Wasomaji kadhaa wameniomba niwaambie ni ipi ya kununua mtu anapotaka kumpa mgeni wa heshima, kwa hiyo wiki hii naandika juu ya zile nilizozivuta majuzi, nzuri na mbovu.

Nianze na kitu chenyewe. Sigaa ni majani matupu. Haina karatasi wala kichungi. Majani ya ndani hukunjwa pamoja, yakafungwa kwa jani moja gumu, kisha jani la nje, ambalo ndilo ghali kuliko yote, likazungushwa juu yake kwa mkono. Mmea mmoja wa tumbaku una majani ya kazi mbalimbali. Ya chini ni mepesi na huwaka upesi. Ya kati ndiyo yenye harufu. Ya juu kabisa, yaitwayo ligero, hupigwa na jua kuliko mengine, hujaa mafuta, huwa makali na huwaka polepole. Fundi huyaweka hayo katikati, na asipoyapanga vizuri moto hukimbilia upande mmoja. Kabla ya kumfikia fundi, majani yamening'inizwa ghalani yakakaushwa na hewa tu, yakarundikwa na kuvundikwa mpaka rundo likapata joto lake lenyewe na ukali wa amonia ukatoka, kisha yakalazwa miaka. Anayewasha sigaa bora anavuta jasho la watu wengi na subira ya muda mrefu.

Subira hiyo yote inaweza kupotea kwa wiki chache za hewa kavu. Sigaa hutaka unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Ukishuka chini ya hapo kwa muda, mafuta ya jani huanza kwisha, na yakishakwisha hayarudi, hata ukiilaza sigaa hiyo kwenye sanduku zuri namna gani.

Sisi wa Kiganjo tumekaa mpakani. Huku tuna ukungu wa Mlima Kenya, na kule Kieni iliyokauka kwa sababu mlima unaizuilia mvua. Mwezi wa Julai hewa ni mbichi, kiberiti chenyewe kinakataa kuwaka. Januari na Februari upepo wa kutoka Laikipia hukausha nguo, midomo na mbao za madirisha, na ndiyo miezi ambayo sigaa za madukani huharibika. Baridi yetu ina faida moja kubwa: mbawakawa wa tumbaku, yule mdudu mdogo wa kahawia anayetoboa sigaa kutoka ndani, hapendi kuanguliwa mahali pa baridi. Mwenye sigaa Mombasa ana mashaka kuliko mimi kuhusu mdudu huyo. Zangu nazitunza katika sanduku la mwerezi lenye kipimo cha unyevu, chumba kisichopigwa na jua, na huzivutia ukumbi wa nyuma wakati watoto wa boma wako shuleni. Malori ya maziwa yanapita kwenda New KCC, na upepo ukielekea kwetu nasikia makurutu wa chuo cha polisi wakiitikia amri. Hapo nina utulivu wa kutosha kusikiliza jani linasema nini.

Sigaa ya kwanza niliyoivuta ilikuwa Montecristo No. 4 ya Cuba, urefu wa milimita 129, si nene. Jina la Montecristo limetokana na riwaya ya Alexandre Dumas, kwa sababu viwandani Cuba, tangu mwaka 1865, amekuwepo msomaji anayewasomea wasokotaji magazeti na vitabu wakiwa kazini, na hadithi hiyo waliipenda mno. Nimeipenda desturi hiyo kabla hata ya kuipenda sigaa yenyewe. Ilianza kwa ladha ya mbao na kahawa isiyo na sukari, ikapita kwenye kakao chungu, na theluthi ya mwisho ikawa na pilipili kidogo kooni. Kasoro yake ni kwamba ilibana. Ilinibidi nivute kwa nguvu kupata moshi, na sigaa inayolazimishwa hupata moto kupita kiasi na kuwa chungu. Bei za sigaa za Cuba zilipanda sana mwaka 2022, hasa za Cohiba na Trinidad, na bandia zimejaa duniani. Kwa bei ya leo, nasema Montecristo ni sigaa ya kuonja ili ujue wengine wanalinganisha na nini.

Marekani ilipoiwekea Cuba vikwazo Februari 1962, waliokimbia kisiwa walibeba mbegu na ujuzi wao. José Orlando Padrón alianza kusokota Miami mwaka 1964, na mwaka 1970 akahamishia kazi Estelí, Nicaragua. Niliyoivuta ni Padrón 1964 ya jani jeusi, ile iliyobanwa ikawa na pembe nne. Tumbaku yake hulazwa angalau miaka minne kabla ya kusokotwa, na kila moja ina namba yake kwenye pete ya pili ili bandia zijulikane. Hii haikunipa kazi yoyote. Mvuto ulikuwa mwepesi, jivu jeupe likashika mpaka karibu nusu, na ladha ikabaki pale pale kwenye kakao na kahawa nzito yenye utamu wa mbali. Mtu akitaka kuona kwa nini tumbaku hulazwa miaka, avute hii baada ya chakula kizito cha mchana. Tumbo likiwa tupu asijaribu. Nikotini yake ni nyingi na itamkalisha chini.

Sasa nifike kwenye ile ninayotaka kuieleza kwa kirefu. Familia ya Fuente ilianzia Tampa, Florida, mwaka 1912, ikitumia tumbaku ya Cuba mpaka vikwazo vilipoikata, na tangu 1980 kiwanda chao kiko Jamhuri ya Dominika. Wana mfululizo unaoitwa Hemingway, na ndogo kuliko zote ni Short Story, fupi, nene katikati, imechongoka ncha zote mbili. Jani lake la nje linatoka Kameruni.

Niliishika karibu na dirisha kabla ya kuiwasha. Jani la Kameruni si laini machoni. Lina vipele vidogo vidogo vya mafuta vilivyotapakaa juu ya rangi ya kahawia iliyoiva, na ukipitisha kidole gumba unavihisi kimoja kimoja. Ikishawaka, vipele hivyo hubaki kwenye jivu vikiwa nukta nyeupe, unaweza kuzihesabu. Kwa kuwa ncha imechongoka, moto huanza na eneo dogo, kwa hiyo pumzi za mwanzo ni za jani la nje karibu peke yake: utamu mkavu, mdalasini, na kitu kinachokaribia harufu ya mwerezi wenyewe. Moto ukifika kwenye kitovu kinene, tumbaku ya ndani inaingia na ladha inapanuka, inakuja ngozi, inakuja karanga iliyokaangwa, halafu ule utamu unarudi. Nilivuta polepole mpaka vidole vikasikia joto.

Mbegu ya jani hilo asili yake ni Sumatra, Indonesia. Wanaolilima ni wakulima wadogo wa mashariki ya Kameruni, upande wa Batouri, na majirani zao wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, katika mashamba yaliyokatwa ndani ya msitu ambako mawingu hufanya kazi ya kivuli. Mafundi wa sigaa huko ng'ambo hulitafuta kwa bidii, na kulipata si rahisi. Nilifurahi sana kwamba katika zote nilizovuta, lililonishika zaidi ni jani la mkulima Mwafrika mwenye shamba la ukubwa wa mashamba yetu ya Mathira.

Nimevuta pia Bongani, inayosokotwa Maputo na kuchanganywa na jani la Msumbiji lenyewe. Ina harufu ya udongo uliolowa na viungo vikali mwanzoni, ikatulia baadaye. Moto ulikwenda kombo mara kwa mara na ikanibidi niurekebishe kwa kiberiti. Bado haijafikia ukomavu wa hizo nyingine. Lakini ni sigaa ya kweli na ningeinunua tena, maana tumbaku ya bara hili imesokotwa humu humu na mikono ya humu.

Hapo ndipo linakuja swali la jani letu la Afrika Mashariki. Tabora na Urambo, Tanzania, wanalima tumbaku nyingi, vivyo hivyo Migori na Bungoma. Karibu yote ni ya sigara za karatasi. Tumbaku aina ya Virginia hukaushwa kwa moto ndani ya mabani, yaani vibanda vya kukaushia, na kila bani linakula kuni, miti ikaisha, mkulima akabaki na deni la mbolea. Kule Migori serikali, pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, chakula na kilimo, wamewasaidia wakulima kuhamia maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Siwezi kuwashauri warudi nyuma. Anayebaki kwenye tumbaku, hata hivyo, anastahili kujua kwamba jani la sigaa hukaushwa na hewa, bila kuni, na kwamba Mwafrika wa Batouri anajulikana kwa jina la nchi yake katika maduka ya London na New York, wakati jani la Kuria, huko Migori, linazama ndani ya mchanganyiko usio na jina.

Watu wa Nyeri tunajua kuhukumu tumbaku, tena tangu zamani. Nenda soko la Karatina, upande wa wauza ugoro, umwone mama na makopo yake. Mzee anayenunua hasomi chapa. Anachukua kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, anasugua kuona umesagwa ukalainika au una mchanga, ananusa, anasubiri, kisha anasema magadi yamezidi au yamepungua. "Nusa kwanza mzee, bei tutaongea," mama anamwambia. Ugoro uliokauka ukawa vumbi lisilo na harufu hauuziki pale, hata kwa mgeni. Mama huufunika vizuri, haufungui ovyo, na anajua kila kopo lilisagwa lini. Muuzaji huyo wa ugoro anatunza tumbaku kwa akili zaidi kuliko mahoteli yanayouza sigaa moja kwa pesa ambazo yeye hazioni kwa siku nzima.

Katika duka moja la Nanyuki nilionyeshwa sigaa yenye pete nzuri sana. Niliibonyeza kidogo ikalia, jani la nje likapasuka kuelekea kichwani. Muuzaji, kijana mwenye adabu, aliniambia ndivyo zilivyo zote. Alikuwa anasema kweli kuhusu zilizokuwa mle ndani, na wala simlaumu, kwani hakuna aliyemfundisha.

Na afya? Nitaisema waziwazi, kwa sababu naipenda tumbaku na sitaki kumdanganya mtu. Moshi wa sigaa haumezwi, lakini nikotini hupenya kinywani, na saratani ya mdomo, ya koo na ya umio zinawafuata wavutaji wa sigaa na wabwiaji wa ugoro vilevile. Umio ni saratani inayowaua Wakenya wengi. Baden-Powell, aliyezikwa hapa Nyeri mwaka 1941, aliwaonya vijana dhidi ya kuvuta katika kitabu chake cha maskauti cha mwaka 1908, na alikuwa sahihi. Sheria ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18 na kuvuta mahali pa umma pasipotengwa. Asiyevuta asianze kwa sababu ya safu hii. Mimi huvuta mara chache, nje, mbali na wengine, na nikiwasha nataka kiwe kitu kilichotunzwa.

Kwa aliyeniuliza, basi: nunua Short Story ya Fuente ukiipata, na Padrón kama mgeni wako ni mvutaji mzoefu. Ibonyeze taratibu kabla ya kulipa. Inatakiwa ibonyee kidogo na kurudi bila kulia. Nusa mguu wake, yaani ncha ya kuwasha. Ikiwa haina harufu, iache.

Na kwenu wenye maduka na mahoteli ya Nyeri, Naro Moru na Nanyuki, ombi langu ni dogo. Nunueni sanduku la mwerezi na kipimo cha unyevu, liwekeni mbali na taa na dirisha, na mwagizeni mhudumu mmoja alikague kila asubuhi kabla ya kufungua. Gharama yake haifiki bei ya hizo sigaa zilizokauka mlizonazo kabatini sasa. Zitoeni hizo.