Nyanya za Jessup na Deni la Alhamisi



Mkutano wetu mkuu uliopita ulivunjika kwa sababu ya mifuko miwili ya nyanya. Mmoja ulitoka kwenye boksi letu la ushirika, wa pili ulinunuliwa dukani asubuhi ileile, na ndugu yetu aliyeileta akaiweka mezani pamoja na risiti zake, akauliza mbona za dukani ni rahisi zaidi. Kabla hajajibiwa, mwingine akadai kikundi cha ununuzi kifungwe. Wa tatu akasema kamati haina mamlaka ya kutunga kanuni ya malipo. Baada ya saa mbili tulikuwa tunakusanya viti bila kupitisha lolote, na tangu siku hiyo kundi letu la WhatsApp halijatulia.

Nianze na nyanya, kwa sababu ndugu yetu alisema kweli. Wiki ile nyanya zilikuwa rahisi dukani. Duka kubwa hushusha bei ya bidhaa moja au mbili ili watu waingie, kisha hurudisha fedha yake kwenye bidhaa nyingine zinazojaza toroli. Wiki linapochagua nyanya au viazi, hatuwezi kushindana nalo, na asiwepo wa kuona haya kununua huko.

Lakini wenye kumbukumbu wanajua kwamba ununuzi wetu wa pamoja haukuanza na nyanya. Ulianza na ndizi. Ndizi zinazoliwa Maryland husafirishwa zikiwa kijani kutoka Guatemala, Ekwado na nchi jirani, kisha hufungiwa kwenye vyumba vya kuivishia na kutiwa gesi ya ethilini kabla ya kupelekwa madukani. Anayetaka kupika mtori, machalari au ndizi za nyama lazima azipate kabla hazijaingia kwenye vyumba hivyo. Kwa hiyo watu wachache wakaanza kwenda soko la jumla la Jessup, wakanunua boksi la paundi 40 na kugawana. Baadaye zikaja sukuma wiki, mihogo, tangawizi, vitunguu vya gunia la paundi 50. Hapo ndipo unafuu wetu ulipo hadi leo: kwenye vyakula tunavyovila kila wiki, ambavyo duka la jirani ama halina, ama linaviuza kwa kipande kimoja kimoja kama dawa.

Tufanye hesabu ya nyanya hizo hizo, maana zinafundisha jambo. Tuseme boksi la paundi 25 limenunuliwa kwa dola 30. Kila paundi ni dola 1 na senti 20. Familia tano zikigawana, kila moja inalipa dola 6 na kuondoka na paundi tano. Lakini familia moja ikichukua boksi zima, na paundi tano zikaozea jikoni, paundi iliyoliwa imeshafika dola 1 na senti 50, na huenda dukani ingepatikana kwa bei hiyo bila kuamka usiku. Mama mmoja wa Laurel aliniambia alikuwa akijiona anabana matumizi kila akibeba boksi, mpaka alipoanza kuandika anachotupa. Sasa anaagiza fungu la paundi tano tu, na ndiye mtetezi mkubwa wa ushirika mtaani kwake. Basi atakayeuliza kama ushirika ni nafuu, jibu langu ni hili: ni nafuu kwa anayeagiza anachokila, wala si zaidi.

Nyanya, hata hivyo, si ugonjwa wetu. Ugonjwa wetu ni deni.

Utaratibu mnaujua. Maagizo hufungwa Alhamisi. Ijumaa saa tisa usiku watu wawili wanakwenda Jessup na gari la kukodi, na Ijumaa jioni mgawo unafanyika ukumbini. Juu ya bei ya soko tunaongeza asilimia 10 kwa ajili ya gari, mafuta na mifuko. Kwa wepesi wa hesabu, chukua maboksi 30 ya dola 30 kila moja. Mzigo ni dola 900, nyongeza ni dola 90. Sasa watu watatu walioagiza boksi zima kila mmoja wasitokee, au watume ujumbe wa "nitalipa Jumapili" na Jumapili isifike. Maboksi matatu kwa dola 30 ni dola 90. Nyongeza yote ya wanachama waliolipa imekwisha, na gari bado linadai. Mboga mbichi hazingojei. Mchicha wa Ijumaa hauuziki Jumatatu.

Mweka hazina wetu amebeba jambo hili kimya kwa muda mrefu, mara nyingine kwa fedha ya mfukoni mwake. Ndiyo maana kamati ilitoa kanuni mpya: asiyelipa kabla ya saa kumi na mbili jioni ya Alhamisi, agizo lake halinunuliwi. Kukopa harusi, kulipa matanga, tulifundishwa hivyo tukiwa wadogo, lakini ikifika zamu ya kulipa boksi la ndizi tunaambiana kwamba kamati imekosa utu.

Walioanzisha ushirika wa kisasa waliliona jambo hili mapema. Tarehe 21 Desemba 1844, mjini Rochdale, Uingereza, watu 28, baadhi yao wafumaji, walifungua duka dogo lenye unga, siagi, sukari na shayiri. Hawakuahidi bei ya chini kuliko majirani. Waliuza kwa bei ya kawaida ya mjini, na ziada ikarudi kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi yao. Sharti moja walilishika kwa nguvu: fedha taslimu, hakuna mkopo. Duka la ushirika lililowatangulia mjini hapohapo lilikuwa limekufa kwa mikopo, nao walikuwa maskini kuliko yeyote kati yetu.

Sasa nije kwenye katiba yetu, na naomba msome taratibu, kwa sababu hapa ndipo pande zote mbili, kamati na wanaoipinga, zimeteleza.

Kifungu cha 9 kinaipa kamati tendaji uwezo wa kuweka taratibu za uendeshaji, kwa sharti kwamba kila utaratibu mpya upelekwe mbele ya mkutano mkuu unaofuata ili uthibitishwe au ukataliwe. Kanuni ya Alhamisi ni utaratibu wa uendeshaji. Haibadilishi haki ya mwanachama, ada wala kura. Kwa hiyo kamati ilikuwa na mamlaka ya kuitoa, na wanaosema haikuwa nayo wamekosea. Lakini kifungu hichohicho kinadai taarifa ya mkutano itoke siku 21 kabla, ikiwa na ajenda. Yetu ilitoka siku 12 kabla, na ajenda haikutaja kanuni ile, iliandikwa "mengineyo" tu. Hilo ni kosa la kamati, na katibu amelikubali. Muhtasari wa mkutano uliotangulia nao uligawiwa mlangoni, kwa hiyo nusu ya waliohudhuria walikuwa wanausoma wakati wa kuuthibitisha.

Halafu kuna akidi. Wanachama waliolipa ada mwaka huu ni 96. Theluthi moja yao, ambayo ndiyo akidi yetu, ni 32. Daftari la mahudhurio lina sahihi 27. Maana yake ni kwamba mkutano ule haukuweza kuthibitisha kanuni ya Alhamisi, na vilevile haukuweza kuikataa, sembuse kufunga kikundi cha ununuzi. Wanaotangaza huko nje kwamba ushirika "umeshavunjwa" waache. Hadi mkutano halali ukae, kanuni inatumika, na maagizo yanaendelea.

Watu 27 kati ya 96! Ujumbe kuhusu nyanya kwenye simu yangu ulipita mia mbili. Wanaoandika wanapatikana usiku wa manane, wanaokuja kupiga kura hawapatikani Jumamosi mchana. Wazee wetu wa Moshi waliounda chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933 waliuza kahawa yao pamoja kwa miongo kadhaa. Vyama vikuu vya ushirika Tanzania vilipovunjwa mwaka 1976, vilivunjwa na serikali kwa amri. Sisi hatujaamriwa na mtu. Tunakaribia kujivunja wenyewe kwa kukaa nyumbani.

Na kuna hesabu moja ambayo haikuwa kwenye risiti yoyote mezani. Wawili wanaokwenda Jessup hutumia saa nne kila mmoja. Wanne wanaopanga na kugawa hutumia saa mbili mbili. Jumla ni saa 16. Kima cha chini cha mshahara Maryland ni dola 15 kwa saa, yaani tungekuwa tunalipa dola 240 kwa kazi ambayo nyongeza yetu ya dola 90 haiwezi hata kuigusa. Maduka ya ushirika ya Greenbelt na Takoma Park, ambayo baadhi yenu mnayalinganisha na sisi, yana wafanyakazi na bili za kila mwezi, na bei zake lazima zibebe hayo. Sisi hatubebi, kwa sababu watu sita walewale wanatoa usingizi wao. Unafuu tunaojivunia unatoka kwenye migongo yao. Huko Brooklyn, ushirika wa Park Slope ulioanza mwaka 1973 ulikua mpaka ukafikisha maelfu ya wanachama kwa sharti kwamba kila mmoja ashike zamu. Kwa miaka mingi zamu ilikuwa saa mbili na dakika 45 kila wiki nne. Kamati yetu inaomba zamu moja kwa miezi mitatu, na hata hiyo imeitwa utumwa.

Jambo la mwisho linawahusu hasa ndugu zetu waliotoka Kongo, na wengine wanaonunua chakula kwa EBT, kadi ya msaada wa chakula wa serikali. Wameuliza mara tatu kwa nini hawawezi kuitumia kwetu, na mara tatu wamejibiwa juujuu. Sheria ya msaada wa chakula ya Marekani inautambua ushirika wa kununua chakula usio wa faida, hata ule ambao wanachama hulipa kabla ya kupokea mzigo. Lakini lazima uombe kibali na kukipata kwanza, na mwombaji anatakiwa kuwa na hesabu zinazoeleweka. Daftari lenye madeni ya "Jumapili" halipelekwi popote. Familia zenye uhitaji mkubwa kuliko sisi zinasubiri tulisafishe.

Mkutano mkuu umeitishwa upya, safari hii kwa taarifa ya siku 21 na ajenda yenye vipengele viwili tu: kanuni ya Alhamisi na zamu. Ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, ukumbi uleule. Asiyeweza kuja aandike jina la atakayempigia kura, kama kifungu cha 11 kinavyoruhusu, na karatasi hiyo imfikie katibu kabla ya Ijumaa. Mwenye deni la boksi amwone mweka hazina kabla ya siku hiyo, naye amesema atapokea hata kwa mafungu. Orodha ya zamu itakuwa mezani karibu na mlango, na nafasi za kwenda Jessup mwezi huo zote bado ziko wazi.