Mtoto akikupigia simu kutoka ughaibuni akilia

Novemba mwaka juzi, saa nne usiku hapa Gongoni, Tabora, simu yangu iliita. Ni binti yangu aliye masomoni Leipzig, Ujerumani. "Mama, shikamoo." Kabla sijamaliza kuitikia marahaba, kilio.

Nilidhani kuna msiba. Kumbe jirani wa ghorofa ya chini alikuwa amembandikia karatasi mlangoni akilalamika kwamba Jumapili anapiga kelele. Kelele zenyewe ni kutwanga karanga! Binti wa Tabora atwange karanga lini kama si siku ya mapumziko? Lakini kwa Wajerumani Jumapili ni siku ya utulivu. Maduka mengi yamefungwa, na kugongagonga huwaudhi majirani.

Nami nikamjibuje mwanangu? "Hilo tu ndilo linakuliza? Vumilia, wenzio wanaitafuta hiyo nafasi." Nikajiona nimelea. Akasema "sawa mama", akakata. Alikaa wiki tatu bila kupiga. Nikimtumia meseji anajibu "nipo salama", basi.

Mzazi mwenzangu, karatasi ile haikuwa sababu ya kilio. Alipofika Septemba kila kitu kilikuwa kitamu, picha za treni na majengo zinaingia kila siku. Novemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na Desemba saa kumi tu giza linaanza kuingia. Kwenye basi watu hawasalimiani. Kwetu amefundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Kule asiyemtazama mtu usoni anaonekana ana jambo analificha. Kila siku anakosea kitu ambacho nyumbani ni adabu, na hana wa kumuuliza amekosea wapi.

Hali hii ilielezwa zamani na mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, ambaye aliwahi kufanya utafiti Ankole, Uganda. Mwaka 1954 aliizungumzia mbele ya kina mama wageni waliokuwa wakiishi Rio de Janeiro, na mwaka 1960 maelezo yake yakachapishwa. Alisema mwanzo huwa kama fungate, na fungate hiyo yaweza kudumu siku chache au hata miezi sita. Baada yake huja hasira kwa vitu vidogo, kulalamikia wenyeji, hata kunawa mikono kupita kiasi. Kwa hiyo usitulie kwa sababu mwezi wa kwanza mtoto alikuwa anacheka.

Sisi wa Unyanyembe safari si jambo geni kwetu. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea miezi mpaka Bagamoyo. Lakini walikwenda kundi zima, kirangozi mbele, na chakula na lugha vikibadilika kidogo kidogo njiani. Binti yangu alipanda ndege peke yake, akalala, akaamka Ujerumani.

Aliyenizindua ni shangazi yake, ambaye ameolewa Muscat miaka mingi. "Wifi," aliniambia, "mimi mwaka wa kwanza nililia bafuni, maji nimefungulia wasisikie. Kila nikipiga nyumbani naambiwa nina bahati. Usimuulize masomo. Muulize amekula nini."

Nikapiga. Nikamuuliza. Mkate na chai, siku ya nne hiyo. Tukaanza kutafuta mboga. Aliipata bamia kwenye duka la Waturuki, na Waturuki nao wanaiita bamya! Siku hiyo alicheka mpaka nikasikia pumzi yake. Tangu hapo tukawa tunapika pamoja kila Jumapili, simu nimeiegemeza kwenye mtungi, mlenda wake na mlenda wangu. Karanga anazitwanga Jumamosi mchana.

Jambo lingine sikulifurahia, lakini nililifanya: niliwaomba ndugu waache kumwagiza simu na viatu. Wawili walininunia hadi Pasaka. Mtoto anayekula mkate mkavu siku nne hawezi kuambiwa kila siku kwamba yuko kwenye neema.

Na yapo ambayo mlenda hauponyi. Mtoto akikaa wiki kadhaa halali, hali, au haendi darasani, usingoje. Vyuo vingi vya nje vina washauri wa saikolojia kwa wanafunzi. Mwambie aende, na mwambie kwamba kwenda huko si kuaibisha ukoo. Akisema maneno ya kutaka kufa, hilo ni la saa ileile: mbaki kwenye simu, na mtafute mtu aliye karibu naye afike.

Agosti mwaka jana alikuja likizo. Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, baba yake mdogo akaingia uani na watu wanne, hodi hodi. Binti akanivuta jikoni.

"Mama, kwani hawapigi simu kwanza?"

Nilimtazama. Nikampa jagi, nikamwambia awapelekee wageni maji.