Kugeuza programu si kuiongezea kasi

Juzi mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne alinijia akiwa amekata tamaa. Programu ya maktaba aliyoiandika kwa lugha ya Python kwa ajili ya mradi wake ilikuwa ikijikokota kama kobe. Alishauriwa aigeuze iwe faili inayojiendesha yenyewe, eti itakwenda mbio. Akaigeuza. Mwendo ukabaki ule ule, na wiki mbili zikawa zimepotea.

Ushauri huo umeenea, nami nauona kuwa wa kupotosha. Tangu kompaila ya FORTRAN ilipotolewa mwaka wa 1957, inajulikana kwamba programu iliyotafsiriwa yote mapema kwa lugha ya mashine kwa kawaida huishinda ile inayotafsiriwa hatua kwa hatua, kama afanyavyo mkalimani barazani. Lakini faili ya mwanafunzi wangu haikutafsiriwa hivyo. Mkalimani yule yule alifungashwa tu pamoja na programu. Hata faili za pyc zinazohifadhiwa na Python hupunguza muda wa kuanza. Kazi yenyewe haziiharakishi.

Je, kompaila ya kweli ingefaa? Ingefaa, ila kwa kiasi. Python ikikuta a + b, haijui mapema kama hizo ni namba au maneno. Hulazimika kuchunguza kila mara. Ndiyo maana Cython huleta faida kubwa zaidi mwandishi anapotaja aina za data. PyPy nayo huitazama programu ikiendelea, kisha hutafsiri sehemu zinazorudiwarudiwa.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Tulipoichunguza programu ile, tuliona kwamba kila jina lilitafutwa kwa kupitia orodha nzima, moja baada ya jingine. Katika orodha ya majina 1,000,000, njia hiyo yaweza kudai ulinganishaji mara 1,000,000. Orodha ikipangwa kialfabeti na kugawanywa nusu kwa nusu, mara 20 zatosha. Hakuna kompaila iwezayo kuziba pengo hilo.

Walimu wenzangu, tuwafunze vijana kupima kwanza mahali muda unapopotelea, kisha waitafakari njia waliyoichagua. Kompaila na ije mwisho. Mwanafunzi wangu alibadilisha mistari michache tu, akaondoka akitabasamu.