Kamera za Msituni na Sisi Tulio Jirani

Katika gazeti letu la muhula uliopita, ndugu mmoja wa Kidato cha Tatu aliandika kwamba watu wanaovunja kamera za msituni ni maadui wa elimu, na kwamba yafaa wote wapelekwe mahakamani bila huruma. Niliyasoma maneno yake mara mbili. Sikukasirika, maana kwa sehemu alisema kweli. Lakini naomba nafasi nimjibu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa maadui hao.

Kwetu ni chini ya milima ya Udzungwa, upande wa bonde la Kilombero. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili nilifuatana na mjomba kutafuta mbuzi aliyepotea. Ndani ya msitu tuliona kisanduku cha rangi ya majani kimefungwa mtini kwa mkanda, kimo cha goti. Mjomba akasema, "Hili ni jicho la kutupeleleza." Akakipiga kwa panga mpaka kikafunguka. Ndani mlikuwa na betri nane. Nilizichukua nikazitia katika redio ya babu, tukasikiliza mpira juma zima. Vipande vilivyobaki tulivitupa mtoni. Hapana mtu nyumbani aliyenikemea, kwani hapana aliyejua tumevunja nini.

Nimekuja kujua hapa shuleni, mwaka jana, katika kipindi cha Bayolojia. Kitu kile huitwa kamera ya mtego, lakini mtego huu hauui wala haujeruhi. Mnyama apitapo mbele yake, kamera hutambua joto la mwili unaosogea, nayo hupiga picha mara moja, mchana au usiku. Nyingi hutumia mwanga usioonekana kwa macho yetu. Picha hukaa katika kadi ndogo kama ukucha, pamoja na tarehe na saa. Kamera huweza kuachwa porini majuma mengi, bila mtu wa kuwashtua wanyama.

Faida yake si ndogo. Mwaka 2003, katika milima yetu hiyo hiyo, kamera kama hizi zilimpiga picha minde, paa mweusi wa msituni ambaye haishi katika nchi nyingine yoyote ila Tanzania. Mwaka 2005, katika msitu wa Ndundulu, zilipata picha ya sange mwenye uso wa kijivu ambaye wataalamu hawakupata kumjua. Mwaka uliofuata walimkamata, na mwaka 2008 akatangazwa kuwa aina mpya. Uzito wake ni gramu 700 hivi, naye ni mkubwa kuliko sange wengine wote wanaojulikana. Kadhalika chui huhesabiwa kwa kamera, maana madoa ya kila chui ni yake peke yake, kama alama za vidole vyetu. Bila hesabu, nani aweza kusema wanyama wanaongezeka au wanakwisha?

Mpaka hapo mimi na ndugu yangu wa Kidato cha Tatu ni kitu kimoja. Tunapoachana ni hapa: yeye asema wanavijiji hawapendi elimu, mimi nasema hawakuletewa elimu hiyo.

Tazameni mfano wa Serengeti. Kuanzia mwaka 2010 wataalamu walitega kamera 225 katika eneo la kilometa za mraba 1,125. Mpaka mwaka 2013 walipata mafungu ya picha zaidi ya milioni moja. Kwa kuwa hawakuweza kuzitazama zote peke yao, walizitia katika intaneti, na watu zaidi ya 28,000 waliojiandikisha wakasaidia kutaja mnyama aliyemo katika kila picha. Hilo ni jambo jema sana. Lakini wengi wao hawajapata kukanyaga Serengeti. Ikiwa mtu aliye mbali namna hiyo aweza kuombwa msaada, kwa nini babu yangu asiombwe?

Likizo iliyopita nilimpelekea babu picha ya minde niliyopewa na mwalimu. Alimtambua kabla sijasema neno. Akanieleza namna mnyama huyo anavyojificha mchana, na mahali alipokuwa akimwona ujanani mwake. Kisha akauliza, "Wenye picha hizi mbona hawakutuletea na sisi tuone?" Mjomba alikuwa amekaa kando, kimya. Baadaye aliniuliza kama katika kile kisanduku tulichokivunja mlikuwa na picha ya minde. Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sina.

Kwa hiyo natoa maoni matatu. Kwanza, kabla kamera hazijategwa karibu na kijiji, watu waitwe mkutanoni waonyeshwe kifaa chenyewe, na juu ya kila kisanduku iandikwe kwa Kiswahili kazi yake. Pili, mama aliyepita akiokota kuni asionyeshwe kwa watu. Picha yake ifutwe. Tatu, kazi ikiisha, picha zirudi kijijini, zibandikwe zahanati na shuleni, na wazee waulizwe wanayoyajua.

Najua wako watakaosema kwamba wawindaji haramu watapata kujua kamera zilipo. Nami sisemi watu waonyeshwe miti yenyewe. Waelezwe kazi tu. Mtu akijua kazi hiyo ni ya nini, huwa mlinzi bila mshahara. Asipojua, atafanya kama tulivyofanya sisi. Methali yasema asiyekujua hakuthamini.

Namwomba pia Mwalimu wetu wa Bayolojia aanzishe chama cha wanafunzi wa kutazama picha hizo, akipata ruhusa ya wenyewe. Wengi wetu twatoka kando ya mapori na majina ya wanyama twayajua tangu utoto. Chama kikianzishwa, mimi nitakuwa wa kwanza kuandika jina langu, maana nina deni la betri nane na kadi moja ambayo sikuitazama.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne