Kambi ya Kiingereza likizo: Jumatatu wamejaa, Jumatano wamekwenda wapi?

Kila likizo ya Juni inapokaribia, matangazo ya kambi za Kiingereza huanza kusikika: kanisani, kwenye mikutano ya kijiji, na hapa hapa redioni. Wiki mbili au tatu, bure au kwa mchango mdogo, kwa watoto wa darasa la tano hadi la saba. Siku ya kwanza darasa hujaa hadi wengine wanakaa chini. Siku ya tatu mwalimu anaita majina na nusu hayaitikiwi. Wiki ya pili wanatokea watoto ambao hawakuandikishwa kabisa, na wale wa mwanzo hawaonekani. Waandaaji hukata tamaa, wafadhili huuliza maswali, na lawama huenda kule kule siku zote: wazazi hawajali elimu, watoto ni watoro.

Sisi tunaona lawama hiyo imepotea njia. Anayeishi Bujora au Kisesa, au kijiji chochote cha Magu kinachogusa ziwa, anazijua kazi za Juni. Akizijua, anaweza kusema kabla kambi haijaanza ni mtoto gani hatakuja, na siku gani.

Tuanze na shamba. Pamba iliyopandwa Novemba na Desemba, kufika Juni vitumba vinapasuka. Havipasuki vyote kwa pamoja, kwa hiyo familia huingia shambani, hutoka, halafu hurudi tena baada ya siku kadhaa. Pamba ikifika nyumbani inachambuliwa, safi huku na fifi kule, kwa sababu bei yake si moja. Kuchambua ni kazi ya kukaa chini, ya vidole vyepesi, na watoto ndio wenye vidole hivyo. Kwenye majaruba nako mpunga unakatwa, unapigwa, unapepetwa na kubebwa. Mtoto aliyekuwa kambini Jumatatu na Jumanne, Jumatano yuko shambani, na Ijumaa anaweza kurudi. Huyu hajaacha kambi. Pamba ndiyo iliyopasuka.

Ufukweni hesabu ni nyingine, na wageni wengi hawaijui. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi nyingi za sola. Taa inavuta dagaa vizuri usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haina nguvu, na wavuvi hupumzika au kutengeneza nyavu. Maana yake ni kwamba katika kipindi cha giza mitumbwi inarudi alfajiri na dagaa, na asubuhi nzima ni ya kuanika, kugeuza na kufukuza ndege. Mbalamwezi ikija, watoto wana nafasi. Kambi ya ufukweni inayopangwa bila kutazama mwezi inaweza kuangukia wiki mbili ambazo watoto hawana asubuhi hata moja, wakati wiki iliyofuata wangekuwa wamekaa tu.

Halafu kuna ngoma. Bujora si mahali pa kawaida kwa jambo hili. Tangu miaka ya 1950, Padre David Clement kutoka Kanada alipoanzisha parokia pale na kazi iliyozaa Makumbusho ya Wasukuma, mwezi Juni umekuwa mwezi wa Bulabo, sherehe inayokwenda na sikukuu ya Ekaristi. Bagika na Bagalu wanashindana, watu wanatoka mbali, na mtoto wa hapo hahitaji kualikwa. Tumesikia watu wakilalamika kwamba ngoma "inaharibu" masomo ya likizo. Mtoto wa Bujora ambaye hatazami Bulabo ili akariri salamu za Kiingereza amepata hasara, si faida. Ni rahisi zaidi kufunga kambi siku hizo, kisha siku inayofuata watoto wasimulie kwa Kiingereza walichokiona. Watakuwa na cha kusema.

Na wasichana. Mvulana asipokuwa na kazi anaweza kutoka nyumbani akaenda. Msichana asipokuwa na kazi, mara nyingi anapewa: maji, kuni, mdogo wake mgongoni. Kambi yenye sharti la "usije na mtoto mdogo" imekwishawatoa wasichana wengi kabla ya somo la kwanza.

Kwa nini tunalipa jambo hili uzito, wakati ni kambi tu ya likizo? Ni kwa sababu ya Januari ya kidato cha kwanza. Mtoto wa huku huanza na Kisukuma nyumbani, akajifunza Kiswahili shuleni, na kwa miaka yote ya msingi akasoma hisabati, sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiswahili. Akivuka kwenda sekondari, karibu kila somo linageuka Kiingereza. Shule huwapa wanafunzi wapya kozi fupi ya lugha, wiki kadhaa, kisha safari inaanza. Jambo hili si geni. Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwishoni mwa miaka ya 1960, sekondari zilibaki na Kiingereza. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo, na daraja kati ya lugha hizo mbili mtoto ameachiwa alivuke mwenyewe hadi leo.

Sasa daraja hilo linakaribia kubeba mzigo mkubwa zaidi. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo, lililozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwanzoni mwa 2025, linapunguza elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6 na kufanya elimu ya lazima kuwa miaka 10, yaani hadi kidato cha nne. Kiingereza kimebaki lugha ya kufundishia sekondari. Kwa utaratibu uliotangazwa, mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2022 atamaliza la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao kundi la mwisho la darasa la saba linamaliza. Makundi hayo mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028, moja likiwa na mwaka mmoja pungufu wa kujiandaa. Mzazi mwenye mtoto katika madarasa hayo ahesabu likizo zilizobaki. Ni chache.

Hapo ndipo mahudhurio yanapouma. Anayefika kambini kila siku kwa wiki tatu ni yule ambaye nyumbani kwao kuna mtu mwingine wa kuchuma pamba, au wana uwezo wa kulipa kibarua. Huyo mara nyingi amekwishaonja tuisheni. Yule wa siku mbili kwa wiki ndiye atakayekaa nyuma Januari akisubiri mwenzake amtafsirie. Kambi inayowapa fulana na cheti wale tu waliohudhuria siku zote inampongeza mtoto kwa sababu baba yake hana shamba la pamba.

Kwa hiyo kazi iliyopo ni kuwafundisha wanaokuja, siku waliyokuja. Inawezekana, lakini inataka kuacha mazoea ya shule. Shuleni somo la leo linaegemea la jana. Kambini aliyekosa jana akiambiwa "tulishamaliza hilo" hatarudi kesho. Kila siku inapaswa kuwa kitu kizima: inaanza, inaisha, na mtoto anaondoka na jambo analoweza kulifanya kwa Kiingereza ambalo asubuhi hakuliweza. Leo kununua nyanya. Kesho kumweleza daktari mahali panapouma. Keshokutwa kusoma maandishi ya kwenye pakiti ya mbegu. Sentensi chache za msingi zinarudi kila siku ndani ya mchezo tofauti, ili anayekuja mara moja azipate na anayekuja kila siku zimkae.

Tungeongeza jambo moja ambalo kambi nyingi hulisahau. Watoto hufundishwa salamu hadi wanazichoka. Kidato cha kwanza hakitawauliza hali. Kitawaambia "draw", "label", "explain", "compare", na mtoto anayejua jibu kwa Kiswahili atapata sifuri kwa sababu hakuelewa swali. Chukua mmea mmoja wa pamba uliong'olewa, uweke mezani. Mtoto anajua mzizi, shina, jani, ua na mbegu, na pengine anaujua mmea huo kuliko mwalimu. Mpe majina hayo kwa Kiingereza, mwambie auchore na aandike sehemu zake. Ndani ya saa moja amepata kipande cha baiolojia ya sekondari, na yule aliyekosa siku tatu kwa sababu ya mavuno anakuja akiwa na cha kuwaeleza wenzake.

Tukiwa hapo: zile kambi zinazokataza Kiswahili langoni na kumvalisha kibao shingoni anayeteleza, tunaziomba ziache. Mtoto anayeogopa kibao hasemi Kiingereza. Anakaa kimya.

Kupanga watoto kwa madarasa yao nako hakusaidii. India kuna shirika linaloitwa Pratham, ambalo limefanya kambi za kusoma na hesabu kwa miaka mingi. Katika jimbo la Uttar Pradesh, mwaka wa masomo 2013 hadi 2014, walijaribu kambi za vipindi vya siku 10 au 20, zenye kurudiwa, huku watoto wakipangwa kwa kile wanachoweza, si kwa umri wala darasa. Usomaji ulipanda sana. Wao walifundisha kwa lugha ya watoto wenyewe, hivyo haifanani moja kwa moja na Kiingereza huku kwetu. Lakini wazo la vipindi vifupi vinavyorudi linafaa vijijini mwetu: siku 10 za Juni, kisha siku 10 nyingine baada ya mtihani wa darasa la saba wa Septemba, wakati wahitimu wako nyumbani hadi Januari. Miezi hiyo karibu minne haina shule wala kambi, na ndiyo inayowapeleka baadhi ya wasichana Mwanza mjini kwa kazi za ndani na wavulana kwenye ng'ombe au ziwani. Tunashangaa kwa nini kambi nyingi zinang'ang'ania Juni.

Sababu moja tunaidhani. Wanaojitolea kutoka Ulaya na Marekani huja wakati wa likizo yao, ambayo kwa wengi huanza Juni ikielekea mwisho. Shule zetu hufunguliwa mapema Julai. Kwa hiyo kambi inabanwa katika wiki ambazo mgeni amefika na mtoto hajarudi shule, hata kama ndizo wiki za mpunga. Kisha mgeni anaondoka, anakuja mwingine, anaanza upya na herufi. Mahudhurio yasiyotabirika si ya watoto peke yao. Kijana wa hapa hapa aliyemaliza kidato cha nne au cha sita, anayejua Kisukuma na kuijua siku ya mnada, akipewa posho ndogo na mafunzo ya siku chache, atadumu kuliko mgeni mwenye lafudhi nzuri.

Waandaaji wakumbuke pia kwamba Wizara ya Elimu imeshakataza shule kuendesha masomo wakati wa likizo, na imelisema hilo zaidi ya mara moja. Hoja yake ni kwamba mtoto anahitaji kupumzika na kukaa na wazazi. Hoja hiyo tunaikubali. Kambi isiyo ya lazima, isiyo na ada wala viboko, ya saa mbili tu kwa siku, si sawa na kumrudisha mtoto darasani kwa mlango wa nyuma. Hata hivyo mwone mwalimu mkuu na Afisa Elimu Kata kabla ya kutangaza chochote, hasa kama mtatumia majengo ya shule.

Kuhusu saa, asubuhi ni ya pamba na dagaa. Saa 8 hadi saa 10 alasiri watoto wengi zaidi wanaweza kutoka, kabla ng'ombe hawajarudi na maji ya jioni hayajatekwa. Uji ukiwepo, watakuja wengi zaidi.

Sisi watu wa redio tuna maslahi hapa, msomaji alijue hilo. Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, kuanzia Machi hadi Juni 2020, vipindi vya masomo vilirushwa hewani. Jirani zetu Kenya walijaribu kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini tangu miaka ya 1980, mtoto akisikia swali na kuachiwa sekunde chache ajibu kwa sauti. Anayechambua pamba mikono yake ina kazi lakini masikio yako wazi. Dakika 15 za somo lile lile la kambi, jioni, zingemfuata aliyekosa.

Kama kijijini kwenu kuna kambi Juni hii, tutumieni ujumbe wenye mambo matatu: siku ya mnada, wiki ambayo mpunga wenu unakatwa, na kama mnakaa ufukweni, usiku ambao mitumbwi haitoki. Tutayasoma hewani kabla waandaaji hawajapanga ratiba.